Kupumzika kuna namna nyingi: jinsi watu wa tabia tofauti wanavyorudisha nguvu hapa Rubavu

Jioni, nyumba moja ya Gisenyi inaweza kuwa na watu wanane katika vyumba viwili: wenye nyumba pamoja na ndugu zao waliovuka kutoka Goma. Mmoja anafungua redio na kuwaita majirani. Mwingine anatoka bila kuaga, anakwenda kutazama ziwa. Wa tatu anaanza kufua nguo ambazo zingeweza kungoja kesho. Wote watatu wanapumzika, kila mmoja kwa namna yake. Tatizo ni kwamba wa kwanza anaonekana msumbufu, wa pili anaonekana ana majivuno, na wa tatu anaonekana hajui kutulia. Ugomvi wa nyumba nyingi huanzia hapo.

Makala hii inaeleza kwa nini watu hawapumziki kwa namna moja, jinsi ya kujua ni kitu gani kinachokurudishia nguvu wewe, na jinsi ya kupata nafasi yako hata kama unaishi na watu wengi. Mwishoni utasoma dalili zinazoonyesha kwamba mapumziko peke yake hayatoshi, na mahali pa kuomba msaada.

Kwa nini jambo hili si dogo

Gisenyi na Goma zimegusana. Mpaka unapita karibu na milango ya watu. Goma ikipata shida, Rubavu inapokea watu. Ilikuwa hivyo tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, na matetemeko ya siku zilizofuata yakapasua nyumba pande zote mbili. Ikawa hivyo tena Januari 2025, vita vilipofika Goma. Kituo cha muda cha Nkamira, kwenye barabara ya kwenda Musanze, nacho kimepokea wakimbizi wa Kongo kwa vipindi mbalimbali tangu 2012.

Wenyeji nao wana majeraha yao. Mwanzoni mwa Mei 2023 mto Sebeya ulifurika usiku, ukabomoa nyumba na kuwaacha wengi bila makazi. Kwa hiyo, mara nyingi anayepokea mgeni na mgeni mwenyewe wote wamechoka.

Mtu aliyeishi na hofu kwa muda mrefu, mwili wake hukaa tayari kukimbia: misuli imekaza, usingizi ni mwepesi, hasira iko karibu. Mapumziko ndiyo yanayouambia mwili kwamba saa hii hakuna hatari. Lakini ukipumzika kwa namna isiyokufaa, unarudi kazini umechoka kuliko ulivyoondoka. Mtu mkimya anayelazimishwa kukaa na wageni hadi usiku hajapumzika. Mtu anayependa watu akifungiwa chumbani siku nzima hajapumzika pia.

Mawazo haya yalitoka wapi

Daktari wa Uswisi Carl Gustav Jung alitoa mwaka 1921 kitabu kilichoeneza wazo kwamba nguvu za watu wengine huelekea nje, kwa watu na mambo, na za wengine huelekea ndani, kwenye mawazo yao. Mwaka 1925 yeye mwenyewe alifika Afrika Mashariki: alishuka Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, akaishi kwa muda na watu wa Mlima Elgon, kisha akarudi Ulaya kwa kupitia Uganda na kufuata mto Nile.

Watafiti waliokuja baadaye walirekebisha wazo hilo. Waliona kwamba watu wengi wako katikati, na kwamba tabia hupimwa vizuri zaidi kwa mambo matano: uchangamfu, upole kwa wengine, kupenda mpangilio, udadisi, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Kila mtu ana yote matano, kila moja kwa kiasi chake. Ndiyo maana yale majaribio ya mtandaoni yanayokupa herufi nne na kukuambia wewe ni mtu wa aina fulani hayafai kukuamulia kazi wala ndoa. Wengi wakiyafanya mara ya pili hupata jibu jingine.

Soma basi aina zifuatazo kama vioo, si kama masanduku. Unaweza kujiona katika mbili au tatu.

Mtu wa watu

Huyu hupata nguvu akiwa na wenzake. Akikaa peke yake muda mrefu anazidi kuwa mzito. Baada ya siku ngumu anataka kusimulia, kucheka, kuimba, kucheza.

Kwa huyu Rubavu ina mengi. Kuna mazoezi ya kwaya, kuna mpira wa mtaani, na kuna mechi za Etincelles na Marines kwenye uwanja wa Umuganda. Kuna pia umuganda wenyewe, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, unaofanana na salongo ya Kongo. Mgeni anayetaka kujulikana mtaani anaanza vizuri hapo, kwa sababu kazi ikiisha watu hukaa pamoja kuzungumza mambo ya kijiji chao.

Tahadhari ni mbili. Kwanza, usigeuze bia au urwagwa kuwa ndiyo njia pekee ya kukutana na watu. Pombe huleta usingizi haraka, lakini usingizi huo hukatika usiku wa manane na asubuhi huzuni inarudi. Pili, Rwanda inakataza kelele zinazosumbua majirani, hasa usiku, na sheria hiyo inafuatiliwa. Sauti ya muziki iliyokuwa ya kawaida mtaani kwenu Goma inaweza kukuletea matatizo hapa.

Mtu wa kimya

Huyu anaweza kuwapenda watu sana, lakini kukaa nao kunamchosha. Nguvu zake hurudi akiwa peke yake, au na mtu mmoja anayemwamini. Anasoma, anasali, anatembea, anasuka, au anakaa tu.

Pwani ya ziwa Kivu inamfaa. Asubuhi na mapema, kabla watu hawajawa wengi, unaweza kutembea ukiangalia maji. Jioni utaona wavuvi wakiondoka na mashua zao zilizofungwa tatu tatu, na mara nyingi utawasikia wakiimba huku wakipiga kasia. Wanakwenda kutafuta sambaza usiku. Samaki huyu hakuwa wa Kivu. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Giza hapa huingia saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, kwa hiyo panga kurudi mapema na mwambie mtu mmoja unakokwenda.

Kuna hatari moja ambayo mtu anayependa upweke lazima aijue: mazuku. Hii ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini kwenye maeneo ya volkano, hasa upande wa Goma na kaskazini mwa ziwa. Haina rangi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri pasipo na upepo. Imeua watu na mifugo. Usikae wala usilale kwenye shimo au bonde dogo lenye mawe ya volkano. Ukiona ndege au wadudu waliokufa mahali pa chini, ondoka upande juu, na usimwinamishe mtoto hapo. Na kama hujui kuogelea, baki ukingoni, kwa sababu ziwa Kivu huwa na kina kirefu ghafla.

Mtu wa mikono

Kwa mtu anayependa mpangilio, kukaa bure ni mateso. Akiona chombo kichafu au karatasi zisizopangwa, kichwa hakitulii. Huyu hupumzika kwa kufanya kazi ndogo yenye mwanzo na mwisho: kushona, kusuka kikapu, kupanda mboga kwenye gunia, kutengeneza redio iliyoharibika.

Usimwambie "kaa chini upumzike" kila mara. Kwa mtu aliyepoteza nyumba na kazi, kumaliza kitu kimoja kwa siku kunamkumbusha kwamba mikono yake bado inaweza. Naye ajiwekee mpaka: kazi ya mapumziko ni ile unayoweza kuiacha bila kuogopa. Ikiwa huwezi kuiacha, hiyo ni kazi ya kawaida, na mapumziko bado hujayapata.

Mtu wa udadisi

Huyu huchoshwa na siku zinazofanana, na kituo cha muda kina siku zinazofanana kuliko mahali pengine pengi. Anahitaji kitu kipya cha kufikiri. Lugha ni mlango mzuri: jifunze maneno matano ya Kinyarwanda kila siku kutoka kwa jirani, naye umfundishe Kiswahili. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na kwenye mji wa mpakani kama huu kina faida sokoni, kwa hiyo hutakosa mwanafunzi.

Mchezo wa igisoro nao unafaa. Una mashimo 32 na kete 64, na ni ndugu wa bao la pwani na wa omweso wa Uganda. Kama hamna ubao, chimbeni mashimo ardhini na mtumie vijiwe. Mnakaa wawili, hakuna aliyelazimika kuzungumza, na akili inafanya kazi. Ndiyo maana mtu wa watu na mtu wa kimya wanaweza kuucheza pamoja bila mmoja kumchosha mwenzake.

Mtu wa wasiwasi

Wengine kwa asili huona hatari mapema. Wakati wa vita tabia hiyo huokoa maisha, lakini wakati wa kupumzika haizimiki. Kwa huyu, kukaa kimya peke yake kunaweza kufungua mlango wa mawazo mabaya, na kelele za watu wengi zinaweza kumshtua.

Kinachomsaidia zaidi ni kitu tulivu kinachojirudia na kinachoshughulisha mwili: kutembea kwa hatua za kawaida, kufuma, kuchambua maharage, kusali kwa maneno anayoyajua. Zoezi moja fupi ni hili. Kaa, kandamiza nyayo zako ardhini. Pumua polepole, ukitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Taja kimoyomoyo vitu vitatu unavyoviona na viwili unavyovisikia. Mawazo yatarudi, usipigane nayo, rudi tu kwenye nyayo zako.

Zoezi la namna hii limo katika mafunzo ya Shirika la Afya Duniani yaliyojaribiwa kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini katika makazi ya Rhino Camp, Uganda. Walikaa katika vikundi vya watu 20 hadi 30, wakasikiliza mafundisho yaliyorekodiwa kwa mikutano mitano, kila mmoja akapewa kitabu cha picha cha kurudia peke yake. Matokeo yaliyochapishwa 2020 yalionyesha kwamba dhiki zao zilipungua. Mafunzo hayo yaliunganisha kikundi na muda wa peke yako, na wengi tunahitaji vyote viwili.

Mtu anayewatunza wengine

Huyu hupumzika wa mwisho, au hapumziki kabisa. Mara nyingi ni mama mwenye nyumba, dada mkubwa, au bibi anayelea wajukuu. Akiulizwa, anasema hajachoka. Mwili wake ndio utakaosema, kwa maumivu ya kichwa, ya mgongo au kwa hasira ya ghafla kwa watoto.

Usimuulize "unataka kupumzika?" kwa sababu atakataa. Chukua kazi moja kutoka mikononi mwake: teka maji, mlaze mtoto, pika jioni moja kwa wiki. Na wewe unayejitambua hapa, kumbuka kwamba wanaokutegemea wanahitaji uwe mzima mwakani, si leo tu.

Jipime kwa wiki moja

Kama hujui uko wapi, fanya hivi kwa siku saba. Kila baada ya muda wa mapumziko, hata wa nusu saa, jiulize: nimekuwa mwepesi au mzito? Andika au kumbuka ulikuwa na nani, wapi, ukifanya nini. Baada ya wiki utaona mstari. Ulichokidhani kuwa mapumziko, kwa mfano kutazama simu hadi saa sita usiku, huenda kinakuacha mzito kila mara.

Simu inahitaji neno la pekee. Makundi ya WhatsApp huleta habari za nyumbani, na pia picha za maiti, uvumi, na sauti za watu wasiojulikana. Kutaka kujua hali ya ndugu ni haki yako. Lakini chagua nyakati mbili kwa siku za kufuata habari, kutoka kwa chombo unachokiamini, na usifungue video za vita kabla ya kulala wala mbele ya watoto.

Chumba kimoja, tabia nyingi

Mnapoishi wengi, mapumziko hupatikana kwa makubaliano. Mambo manne yamesaidia nyumba nyingi:

- Gaweni saa, kama hamna vyumba vya kugawa. Saa moja ya jioni iwe ya redio na maongezi. Baada ya hapo sauti zishuke.
- Mtu wa kimya aseme kabla hajaondoka. Kwetu, kupita mtu bila kumsalimu ni dharau. Sema: "Dada, sijakasirika. Kichwa kimechoka, naenda ziwani nusu saa, nitarudi tule pamoja." Maneno hayo yanazuia wiki nzima ya kununiana.
- Mtu wa watu aulize kabla hajaleta wageni: "Mama, leo una nguvu ya wageni?" Mwenye nyumba naye awe huru kusema hapana.
- Kona iwe chumba. Kitenge kilichofungwa kwenye kamba, au mkeka uliogeuzwa kuelekea ukutani, uheshimiwe kama mlango uliofungwa. Aliye nyuma yake asiitwe mpaka atoke.

Kama unaishi kwenye kituo cha muda, uliza ofisi ya kituo utaratibu wa kutoka na kurudi kabla hujapanga matembezi.

Usichanganye tabia na taifa

Pande zote mbili za mpaka utasikia maneno haya: Wakongomani ni watu wa kelele, Wanyarwanda wamefunga mioyo. Ni kweli kwamba desturi za kusalimiana, za muziki na za kuonyesha huzuni hutofautiana kati ya miji hii miwili, ingawa mtu anaweza kutembea kutoka mmoja hadi mwingine. Lakini desturi ni nguo, na tabia ni mwili ulio ndani yake. Kuna Wagoma wasiopenda maongezi na kuna wazaliwa wa Gisenyi wasioweza kukaa peke yao hata saa moja. Jirani yako asipofungua mlango jioni, huenda hakukuchukia. Huenda amechoka, na hiyo ndiyo namna yake ya kupumzika.

Si kila kimya ni tabia

Mtu mkimya kwa asili bado anafurahia vitu vyake: kitabu, sala, matembezi. Ukiona yafuatayo kwa wiki mbili au zaidi, usiseme "ndivyo alivyo":

- ameacha hata mambo aliyokuwa akiyapenda;
- halali, au analala mchana kutwa;
- hali chakula, au hajali tena usafi wake;
- anashtuka kwa kila sauti, anarudia kuota yaliyompata;
- anakunywa pombe kila siku ili asikumbuke;
- anasema afadhali angekufa.

La mwisho lisingoje wiki mbili. Usimwache peke yake, tafuteni msaada siku hiyo hiyo. Na usiogope kumuuliza wazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpi mtu wazo, linampa nafasi ya kusema.

Pa kwenda

Anza na mjumbe wa afya wa kijiji, anayeitwa kwa Kinyarwanda *umujyanama w'ubuzima*, au nenda kituo cha afya kilicho karibu. Kituo kinaweza kukupeleka hospitali ya wilaya, ambako kuna huduma ya afya ya akili. Kwenye kituo cha wakimbizi, waone wahudumu wa afya wa hapo hapo. Kwa dharura ya kiafya piga 912, na kwa maelezo ya afya piga 114. Aliyepigwa au kubakwa anaweza kupata matibabu na msaada wa sheria pamoja katika kituo cha Isange kwenye hospitali za wilaya.

Kama Kinyarwanda chako ni kidogo, maneno mawili yatakusaidia mlangoni: *ihungabana*, yaani mshtuko unaobaki moyoni baada ya mambo makubwa, na *agahinda gakabije*, yaani huzuni iliyozidi kiasi hadi kuwa ugonjwa. Ukiyasema, mhudumu ataelewa kwa nini umekuja.

Leo jioni, kabla ya kumlaumu mwenzako kwa redio yake, kwa kimya chake au kwa ufagio wake, muulize: "Wewe, nguvu zako hurudi vipi?" Kisha mwambie na zako.